Bibi, Kioo Kikubwa na Waifai Iliyopotea

Ile wiki Bibi alilala kwenye kitanda changu, mimi nikalala chini kwenye godoro. Kila asubuhi nilikuwa naamka kabla yake, nabaki nimefumba macho nimsikilize akipaka mafuta magoti yake. Alikuwa anaongea nayo. "Wewe jana umenisumbua kwenye ngazi za hospitali. Leo tulia." Kisha anahamia la pili, ambalo halikuwa na kosa, analisifia kidogo. Nilikuwa kidato cha pili, mtu wa kunyamaza kiasi kwamba majirani wengine pale Mkolani walidhani mimi ni mgeni kwenye nyumba yetu wenyewe. Bibi hakuona shida. Alisema katika nyumba yetu angalau mmoja alikuwa anasikiliza.

Bibi ni mama yake Baba. Anaishi ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, na wakati ule daraja lilikuwa halijafunguliwa, kwa hiyo kuja kwetu ilikuwa kusubiri kivuko, na yeye hapendi kusubiri chochote kinachoelea. Alikuja kwa sababu ya macho. Hospitali walisema ni presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limeshazima kabisa. La kushoto lilibakiza kidogo. Mwenyewe alisema ni kama kuchungulia jikoni kupitia tundu la ufunguo, halafu humo ndani mtu kawasha kuni mbichi. Daktari alimwambia Baba, mimi nikiwa nimesimama pale pale nimeshika mkoba wa Bibi, kwamba matone yatachelewesha tu. Kilichokwisha potea hakirudi, na hicho kilichobaki hakuna anayejua kitakaa mpaka lini. Jumatatu Bibi alitakiwa avuke kurudi kwake. Kule mtandao wa simu unaupata ukipanda kwenye kichuguu.

Katikati ya wiki hiyo baba mdogo akapiga simu. Ni mdogo wake Baba, anafanya kazi Ulaya, katika nchi ambayo Bibi anaiita "huko kwenye friji". Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Kwetu jina la mtoto wa kwanza anatoa Bibi, na Bibi hatoi jina hivi hivi. Anamwangalia mtoto, anatafuta ni sura ya nani imerudi. Mimi, nasikia, aliniangalia kuanzia alfajiri mpaka chai ya saa nne ndipo akasema.

"Mayu, wewe taja tu," baba mdogo alimwambia kwenye simu. Mayu ni mama, kwa Kisukuma. "Ofisi za huku zinataka jina la kuandika."

"Nitaje jina la mtu nisiyemjua?"

"Ni mjukuu wako!"

"Nimesikia. Nimemsikia pia analia. Watoto wote wanalia hivyo hivyo. Nionyeshe."

Akatuma picha kwenye simu ya Mama. Bibi aliishika simu, akaileta karibu mpaka kioo kikagusa kope. Akaigeuza. Akairudisha mbali.

"Naona kiazi," alisema. "Kiazi kimefunikwa taulo."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaenda kuchukua kompyuta. Baba mdogo aliniachia mimi ile kompyuta alipoondoka, ya zamani, nzito, kona moja imefungwa kwa plasta, lakini kioo chake kikubwa. Nikaiweka ile picha ikajaa kioo chote, Bibi akasogeza kiti, akainamisha kichwa upande kama kuku anayetazama punje, na akaona. Aliona taulo lina maua. Aliona pua.

"Sasa hapo mnaongea," alisema. "Lakini picha haikunji uso. Nataka nimwone akikasirika."

Basi wakakubaliana. Jumamosi, saa kumi jioni, baba mdogo atapiga kwa video, mtoto ataonyeshwa akiwa macho, na Bibi atasema jina. Jumapili baba mdogo asingekuwepo, alikuwa zamu, na Jumatatu ni kivuko. Hakukuwa na siku nyingine.

Nilichofanya Alhamisi nitakiandika kama kilivyokuwa. Kulikuwa na ule ujumbe wa apdeti, unaotokea pembeni ya kioo na kuuliza: sasa au baadaye? Kwa miezi nilikuwa nabonyeza baadaye. Alhamisi jioni niliona kama ni uchafu. Wageni wakija mtu anafagia uwanja, na mimi nilitaka Jumamosi ikute kompyuta imefagiliwa. Nikabonyeza sasa. Ikaanza kuzunguka, asilimia mbili, asilimia mbili, asilimia tano, nikaiacha inachaji nikaenda kula.

Ijumaa asubuhi ile alama ya waifai, vile viupinde vitatu, haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kidunia chenye alama ya katazo. Nikabonyeza kidunia. Kikafunguka, na pale ambapo huwa kuna kitufe cha waifai hapakuwa na kitufe, palikuwa na alama ya ndege peke yake. Nikaiwasha ile ndege nikaizima. Nikazima kompyuta nikaiwasha. Nikaifunika nikaenda shule.

Siku hiyo hiyo alfajiri Mama alikuwa ameitwa kwenye msiba kwao Mara. Alipanda basi stendi ya Buzuruga, akaenda na simu yake, na ile ndiyo ilikuwa simu kubwa pekee nyumbani. Ya Baba ni ya tochi. Kwa hiyo Baba aliporudi jioni, mchanga kwenye nyusi kama kawaida kwa sababu anaendesha fuso la mchanga, nilimwambia, "Baba, mtandao umekata."

Umekata. Nilisema kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Baba akaenda kwenye ruta, kile kiboksi kinacholeta waifai ndani, akakiangalia. "Mbona taa zote zinawaka?" Akakifuta vumbi kwa kanga. Akakihamishia dirishani kipate hewa. Akapiga huduma kwa wateja, akasikiliza muziki, akasikiliza dada, akakata.

"Wanasema kwao kuko sawa. Kwa hiyo tatizo liko huku. Kuna kitu umegusa?"

"Hapana."

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele kwa vidole, maana kwa macho hawezi. "Mwache ale kwanza," alisema. "Aliyegusa huwa anasema akishiba."

Sikusema nikishiba. Nilisema chumbani, Bibi akiwa ameshajilaza kitandani, nami nimeangalia ukuta.

"Bibi, ni mimi. Niliibonyeza."

"Uliibonyeza kwa ubaya?"

"Nilitaka iwe nzuri."

"Basi kesho ukamwambie fundi hivyo hivyo."

Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko kompyuta yenyewe. Mimi nikienda dukani kununua chumvi nanyoosha kidole. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi niliandika kila kitu kwenye karatasi ya daftari, nikafunga kompyuta kwenye kitenge, nikaenda kwenye kibanda cha dada mmoja anayetengeneza simu na kompyuta karibu na barabara kubwa. Kulikuwa na wateja wawili kwenye benchi. Nikamwamkia kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, nikampa karatasi.

Akaisoma kwa sauti.

"'Shikamoo dada. Kompyuta hii ilikuwa na waifai. Baada ya apdeti ya Alhamisi haina. Nimeizima na kuiwasha mara sita. Alama ya ndege nimeitoa. Kitufe cha waifai hakipo kabisa. Ruta yetu ni nzima. Leo saa kumi jioni Bibi yangu anatakiwa amwone mtoto. Ahsante.'"

"Huyu bubu?" aliuliza baba mmoja kwenye benchi.

"Sio bubu," nilisema.

"Ohoo! Kumbe inaongea!"

"Mzee wangu, mwache," dada fundi alimwambia bila kuinua kichwa. "Wewe umenijia hapa na maneno mengi, nakuuliza simu ina nini, unasema imekufa tu. Imekufaje? Imekufa tu. Huyu kaniandikia mpaka alichokwisha jaribu. Nikipata wateja kumi wa hivi nitazeeka polepole."

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa na nikamwangalia. Aliwasha kompyuta, akafungua orodha ndefu ya vifaa vilivyomo ndani yake, na kwenye mstari mmoja kulikuwa na kipembetatu cha njano. Akakigonga kwa kucha. "Huyu hapa. Dreva."

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Ndani ya kompyuta kuna kipande cha waifai, na kuna kaprogramu kadogo, dreva, kanakoifundisha kompyuta namna ya kuongea na hicho kipande. Apdeti ilileta dreva mpya. Kompyuta yangu ni ya zamani, mpya hamjui. Alijaribu kumrudisha wa zamani kwa kubonyeza tu, ile sehemu ya kubonyeza ikawa imefifia, haibonyezeki. Akasonya. Akaunganisha simu yake kwa waya ili kompyuta ipate intaneti kwa njia hiyo, akaigeuza kompyuta kifudifudi, akasoma namba zilizofutika nusu chini yake, akamtafuta dreva wa wakati ule. Wa kwanza akakataa. Wa pili akaingia lakini kidunia kikabaki pale pale. Ndipo akafuta mambo yote ya mtandao yaliyokuwa yamehifadhiwa, akazima, akawasha, na mimi nikaona viupinde vitatu vimerudi mahali pake. Nilitaka kumshika mkono. Sikumshika.

"Nimeizuia isimlete tena yule mpya," alisema. "Ila nimefuta mitandao yote ambayo kompyuta ilikuwa inaikumbuka. Ukifika nyumbani itakuuliza paswadi mara moja. Mnayo?"

Baba wa kwenye benchi alikuwa ananitazama tena. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Sikuwa nayo. Sikuwahi kuijua. Lakini kuisema ile "hapana" mbele ya watu watatu kulinishinda, nikamlipa nikaondoka.

Nilifika nyumbani kama saa nane. Bibi alikuwa ameshaoga, amevaa kitenge cha kanisani na kilemba, amekaa mbele ya meza tupu mahali kompyuta itakapokaa. Baba naye alikuwa ameoga.

"Ilikuwa nini?" aliuliza.

"Dereva wake alipotea."

"Dereva?" Baba akasimama sawasawa. "Kompyuta ina dereva?"

"Ndiyo. Ililetewa mpya, hakuelewana nayo. Fundi kamrudisha wa zamani."

Baba alimgeukia Bibi. Amekuwa dereva tangu kabla sijazaliwa, na sijui lini tena nimemwona amefurahi vile. "Mayu, umesikia? Hata kompyuta! Unamtoa mzee anayelijua gari, unaleta kijana, gari haliondoki. Tajiri wangu angekuwepo hapa leo akasikia hili kwa masikio yake."

Nikawasha. Orodha ya mitandao ikatokea: ya majirani wawili, ya kanisa, na ya kwetu. Ya kwetu inaitwa DELEVA.

Hapa lazima nieleze kitu. Kisukuma hakina R. Baba na Bibi wanaposema Kiswahili, penye R wanaweka L, na mimi nilikua nikisema hivyo hivyo bila kujua kuna njia nyingine. Kidato cha kwanza mwalimu alinisimamisha nisome mbele ya darasa, nikasoma "balua ya kilafiki". Walicheka muhula mzima. Waliniita Balua. Nikaanza kufanya mazoezi ya R bafuni, maji yakiwa yanatiririka wasinisikie, na niliipata, naisema vizuri kabisa. Lakini tangu siku hiyo kila sentensi nilikuwa naikagua kichwani kabla ya kuitoa, kama ina R ngapi na ziko wapi, na nikimaliza kukagua maongezi yameshapita. Ndiyo nikawa wa kunyamaza. Na nyumbani nikaanza kuwasahihisha bila kuwaambia. Hata humu, maneno yote ya Baba na Bibi mpaka hapa nimeyaandika kwa R. Hawakuyasema hivyo. Baba alisema deleva. Kuanzia hapa nitayaacha yalivyotoka.

Siku tuliyowekewa ruta, kijana aliyekuja kuifunga alikuwa wa Usagara, Msukuma kama sisi. Alimuuliza Baba mtandao uitwe nani, Baba akajibu, naye akaandika alivyosikia. Nilikuwa naona aibu. Rafiki yangu wa shule alipokuja kwetu mara moja na simu yake ikaonyesha DELEVA, nilimwambia ni wa jirani.

"Baba, neno la siri ni lipi?"

"Hilo nalikumbuka," Baba alisema. "Nilimwambia yule kijana, jina deleva, sili yake balabala. Haiwezi kunitoka."

Nikaandika barabara. Kompyuta ikafikiri. Ikakataa.

Nikaandika kwa herufi kubwa mwanzoni. Ikakataa. Kwa herufi kubwa zote. Ikakataa. Bara, nafasi, bara. Barabarani. Barabara kuu. Barabara na namba za fuso.

"Andika balabala," Baba alisema nyuma yangu.

"Nimeandika."

"Andika tena, labda haijasikia."

Saa tisa na dakika kumi. Baba akampigia Mama. Kule msibani walikuwa wanaimba, Mama akatoka nje ndipo akasikika. "Mimi najuaje? Simu yangu aliiunganisha yule kijana mwenyewe, sijawahi kuandika chochote. Mayu yuko tayari?" Baba akasema yuko tayali tangu saa sita. Akampigia yule kijana wa ruta, simu haikupatikana. Akakishusha kile kiboksi, akakigeuza, akaona kitundu kidogo nyuma.

"Hapa si ndiyo pa kubonyeza ianze upya?"

"Baba, yule kijana alisema tusiguse. Alisema tukigusa inafuta mpaka vitu vya kampuni, na hairudi mpaka yeye aje."

"Na hapatikani."

"Ndiyo."

"Mayu, nipe sindano."

Bibi akachomoa sindano ya kushonea kwenye pindo la kitenge chake, anaiweka hapo siku zote, akampa. "Saa ngapi?" aliuliza.

"Bado, Mayu."

"Sikuuliza kama bado."

"Tisa na nusu."

Akatoa kichupa cha matone, akainua uso, akajidondoshea lile la kushoto. Akakosa, tone likashuka shavuni. Akadondosha tena. "Nisije nikaambiwa habali hii hapa tazama, nikakuta jicho limelala," alisema, na akabaki ameinua uso hivyo hivyo dawa iingie, mikono magotini. Nilimwona na nikasikia vibaya mpaka kwenye meno. Kama nisingebonyeza Alhamisi, angekuwa amekaa tu anasubiri simu kama mtu yeyote.

Nikaandika barabara tena, sijui mara ya ngapi. Baba alikuwa ameelekeza sindano kwenye kitundu. "Andika balabala mala ya mwisho," alisema, "kisha mimi nabonyeza."

Kisanduku cha neno la siri kilikuwa tupu. Juu yake lilikuwa limeandikwa jina la mtandao, kwa herufi kubwa, DELEVA, na mimi nilikuwa nimeliangalia jina lile mchana kutwa kwa aibu ile ile ya siku zote, bila kulisoma. Nililisoma sasa. Mkono ulioandika hili ndio ulioandika na lile lingine.

b, a, l. Vidole vyangu vilisita kidogo kwenye ile L, kweli kabisa. a, b, a, l, a.

Viupinde vitatu vikajaa.

"Baba, usibonyeze."

Akainama juu ya bega langu. "Imekubali? Umefanyaje?"

"Nimeandika ulivyosema."

"Si nimesema hivyo tangu saa nane?"

"Ndiyo, Baba."

"Sasa ulikuwa unaandika nini?"

Baba si mjinga. Aliangalia kioo, akaangalia lile jina la mtandao, akaniangalia mimi, kisha akacheka kidogo kwa pua, kicheko kifupi, akamrudishia Bibi sindano yake. Nilitamani aulize tena ili niseme samahani. Hakuuliza, na mimi sikusema, na mpaka leo sijasema.

Saa kumi na dakika chache kompyuta ikalia.

Uso wa baba mdogo ulijaa kioo chote, amenenepa, amevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba. "Mayu! Shikamoo Mayu! Kaka! Huku leo baridi imezidi, mnanisikia? Mnanipata vizuri?"

"Malahaba. Tunakupata. Toka hapo," Bibi alisema. "Sikuja kukuona wewe."

Akacheka, akatoka. Mkewe, ambaye ni mwenyeji wa huko na alikuwa amejifunza maneno kama sita, akasema "Shikamoo Bibi" polepole, kila silabi peke yake, kisha akamleta mtoto mbele ya kioo mpaka hatukuona kitu kingine. Bibi akasogea. Akainamisha kichwa. Pua yake ilikuwa karibu iguse kioo, na lile jicho moja likaanza safari yake kuanzia juu kwenye nywele, kipaji, likashuka kwenye nyusi, kipande kwa kipande, kwa sababu lilikuwa haliwezi kuchukua uso wote kwa mara moja. Nilisikia friji yetu ikinguruma na nikaogopa umeme usikatike.

"Mkasilishe," Bibi alisema.

"Mayu?"

"Mkasilishe kidogo. Mvue soksi."

Baba mdogo akatafsiri, mkewe akashangaa, lakini akavuta soksi moja. Mtoto akakunja uso. Alikunja kuanzia kidevuni, midomo ikashuka, ikatetemeka, kisha akabadili mawazo, hakulia, akabaki anatuangalia kwa hasira kama mtu aliyenyimwa kiti chake.

Bibi akaweka kiganja kwenye kioo.

"Ee," alisema. "Ndiye."

"Nani, Mayu?" Baba aliuliza.

"Mdogo wangu."

Baba alimwangalia. Hakuwahi kusikia kwamba mama yake alikuwa na mdogo wa kike. Bibi akasema, bila kutoa mkono wala jicho, kwamba alikuwepo, walikuwa wawili wanachunga ndama pamoja, na kwamba alikuwa akikasirika hivyo hivyo, halii, anakutazama tu mpaka unamrudishia kitu chake. Alifariki akiwa hajaota meno ya ukubwani. Hakusema alifarikije na hakuna aliyeuliza. Akalitaja jina lake. Halafu akalitaja tena, kwa kumwita, na mtoto akageuza macho. Najua watoto wachanga hugeuza macho kwa sauti yoyote. Ila nilikuwepo.

Baba mdogo alikuwa anafuta uso kwa ile kofia. "Mayu, naliandikaje? Kwa R au kwa L? Huku wakishaandika wameandika."

"Kwa hiyo hiyo niliyosema."

"Ndiyo, lakini ni ipi?"

Wote wakaniangalia mimi, Baba kwanza. "Muulize msomi," alisema.

"L," nilisema. "Baba mdogo, ni L."

Simu ile iliendelea karibu saa nzima na hakuna aliyeongea sana. Mtoto alilala, baba mdogo akataka kumwondoa, Bibi akakataa. Aliendelea kumwangalia akiwa amelala. Mara kwa mara alipumzisha jicho, analifumba, analifumbua, anaanza tena mahali alipoishia. Baba alileta chai ikapoa. Jumatatu tulimsindikiza mpaka kivukoni, akanishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga, akaniangalia na mimi kidogo, kisha akapanda.

Siku hizi kuna daraja, mtu anavuka kabla hajamaliza kula karanga zake, na mimi naenda kwake kila likizo. Nalala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, asubuhi namsikia akigombana na magoti. Jicho la kushoto lilizima mwaka jana. Lilizima polepole, bila kuuma. Alisema siku moja alidhani tumechelewa kufungua madirisha.

Mtoto anatembea sasa. Baba mdogo anatuma picha nyingi, nami naenda kule na simu ya Mama namsimulia Bibi: leo amevaa gauni la njano, leo amekaa kwenye theluji. Likizo iliyopita nilikuwa namsimulia hivyo, akanikatisha.

"Sikio lake bado limekunjwa?"

"Sikio gani, Bibi?"

"La kushoto. Kwa juu. Lilikuwa limekunjwa kama jani. Mdogo wangu lake lilikunjuka alipoanza kutembea."

Nikazipitia picha zote. Katika zote nywele zimelifunika au amevaa kofia. Nikapanda kwenye kichuguu nikamwandikia baba mdogo, na yeye akaniuliza sikio lipi, limekunjwaje, hakuwahi kuona kitu kama hicho. Kesho yake akatuma picha moja, ya pembeni, mkono wa mtu umeshika nywele juu. Nilishuka nayo nyumbani. Bibi alikuwa anachambua mchele.

"Bado, Bibi," nilimwambia. "Bado limekunjwa."

"Basi litakunjuka," alisema. "Mwambie mama yake asilivute."